Nukta Mia Tano na Arobaini za Uso wa Mama Mkwe

"Umemuua mama yangu mara ya pili!"

Wifi yangu alipiga kelele hiyo mbele ya waombolezaji zaidi ya thelathini, kidole chake kikiwa sentimita chache kutoka kwenye pua yangu.

Nilikuwa nimeshika sinia lenye bakuli sita za mchuzi mwekundu wa nyama. Sikujua niliweke wapi.

Mbele yetu, katikati ya maua meupe, juu ya ubani, ilisimama picha ya mama mkwe wangu ndani ya fremu yenye utepe mweusi. Ilikuwa imefika kutoka dukani dakika hiyo hiyo.

Picha ilikuwepo, wasomaji wangu. Uso ndio haukuwepo!

Macho yalikuwa vimraba vya kahawia. Mdomo ulikuwa ngazi. Nywele zilikuwa kama uji uliomwagika na kuganda. Ungeweza kudhani ni ukuta wa vigae ulioungua moto.

Nilimgeukia mume wangu. Yeye ndiye aliyelituma faili lile dukani asubuhi.

"Baba Yerin... sema kitu."

Alitazama soksi zake.

"Mimi nilifanya nilivyoambiwa," alisema. "Mambo ya picha ni ya Mama Yerin. Yeye ndiye mwalimu."

Miaka ishirini na miwili ya ndoa... na mwanamume aliniuza kwa sentensi tatu!

Naomba sasa niyapange maelezo yangu, kwa kuwa mimi ni mtu wa kupanga, na bila mpangilio hamtaelewa jinsi nilivyonaswa.

Jina langu ni Maeng Seonju. Ninafundisha usanifu katika chuo cha miaka miwili hapa mjini Daejeon, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Wanafunzi wangu hutengeneza zaidi vitu vya kutazamwa kwenye simu: kurasa, vitufe, matangazo. Somo la kuchapa kwenye karatasi hulifundisha mara moja kwa mwaka, kwa saa mbili, na kiini chake hukiandika ubaoni kwa herufi kubwa: skrini ni 72, karatasi ni 300. Hizo ni nukta za rangi zinazokaa ndani ya inchi moja ya picha. Wanafunzi hunakili, hukariri, hufaulu.

Mama mkwe wangu, Bibi Ok Bunrye, alifariki alfajiri ya siku hiyo akiwa na miaka themanini na mmoja. Alikuwa ameishi nyumbani kwetu miaka tisa.

Rafiki zake wote walikwisha kupiga picha zao za msiba mapema, wamevaa hariri, wametiwa poda, wakazihifadhi kabatini kwa siku yao. Yeye alikataa katakata.

"Nikishaipiga," alikuwa akisema, "itakuwa inaniita kila nikienda kuchukua soksi."

Kwa hiyo asubuhi ile hatukuwa na picha. Familia ilipekua kundi letu la simu na kwa kauli moja ikachagua ile ya miaka mitatu iliyopita, aliyopigwa na wifi yangu Misuk chini ya miti ya micheri iliyochanua maua. Kila mtu aliipenda. Mama alikuwa anatabasamu, macho yamefumba nusu, jua limemwangukia mashavuni.

"Hii ndiyo picha ya furaha yake," mume wangu alisema, na hakuna aliyepinga.

Mimi nilikuwa dirishani pa hospitali nikijaza fomu. Mume wangu akanipigia simu kuuliza aiandaeje. Nikamjibu kama ninavyowajibu wanafunzi.

"Fungua kwenye programu. Kata uso na mabega. Pale palipoandikwa 72, weka 300. Hifadhi, tuma dukani."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Sekunde arobaini za maelezo. Nami nilirudi kwenye fomu zangu nikiwa nimetulia kabisa.

Na sasa, saa nane na dakika kumi mchana, katika Chumba Namba Tano cha jumba la misiba, matokeo ya utulivu wangu yalikuwa yananitazama kwa vimraba.

"Nani aliyefanya hivi?"

Sauti hiyo ilikuwa ya baba mdogo Deokho, mdogo wake marehemu baba mkwe. Ana miaka sabini na sita, na tangu asubuhi yeye ndiye aliyekuwa akiamua nani akae wapi na nani ainame mara ngapi.

"Mkaza mwana mkubwa!" Misuk alijibu kabla sijafungua mdomo. "Mwalimu wa picha wa chuo! Mtu wa namna hiyo akikosea, baba mdogo, amekosea makusudi!"

"Wifi, makusudi ya nini?"

"Unayajua mwenyewe. Miaka tisa ulikuwa umemchoka."

Wale waliokuwa wakitafuna ngisi mkavu waliacha kutafuna.

Baba mdogo alitazama saa yake ya mkono.

"Basi la wazee wa ukoo limekwisha kutoka kijijini kwetu Yecheon. Saa kumi na moja watakuwa hapa. Wakimkuta shemeji yangu hana uso, sitasimama katikati. Nitawaambia aliyefanya ni nani, na Misuk atawaambia kwa nini."

Mfanyakazi wa jumba, kijana mwenye suti nyeusi na glavu nyeupe, alisogea kwa adabu.

"Samahani sana, mzee... tunayo fremu ya skrini. Picha ile ile itaonekana vizuri tu. Siku hizi familia nyingi..."

"Kaka yangu hakuoa televisheni!"

Mtu mmoja kwenye meza za nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Picha hii itatangulia mbele ya jeneza," baba mdogo aliendelea. "Itatolewa kila mwaka siku ya kumbukumbu yake. Utaitangulizaje televisheni? Kwa waya?"

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo lililonipa nguvu. Pale ukumbini, kwenye skrini kubwa inayowaelekeza wageni, kulikuwa na majina ya wafiwa, namba ya chumba, na picha ya mama. Picha ile ile! Faili lile lile! Na ilikuwa safi, inang'aa, unaweza kuhesabu vifungo vya sweta.

"Baba mdogo, faili halina kosa," nilisema. "Tazama ukumbini. Kosa ni la duka. Niruhusu niende sasa hivi, ni ng'ambo ya barabara tu."

"Uende?" alishangaa. "Mkaza mwana mkubwa amwache mama mkwe wake na kuvuka barabara na nguo za msiba? Hutoki humu."

"Dakika kumi..."

"Hutoki!"

Ndivyo nilivyofungwa, wasomaji wangu. Mlango ulikuwa wazi, viatu vyangu niliviona, nilivipanga mwenyewe kwenye safu ya kwanza. Lakini kati yangu na viatu vile kulikuwa na ukoo mzima.

Niliruhusiwa kuingia kwenye chumba cha wafiwa nyuma ya madhabahu yenye ile picha. Ni chumba kidogo kisicho na dirisha, chenye mito, makoti na harufu ya ubani iliyokosa pa kutokea. Mume wangu alinifuata na kompyuta. Misuk akafuata nyuma yake, akaketi mlangoni, akakunja miguu.

"Wewe wataka nini hapa?" nilimuuliza.

"Nakulinda usije ukafuta ushahidi."

Nilifungua faili. Nilichokiona kilinipa faraja kubwa. Mahali pa ubora palisomeka wazi: 300.

"Mmeona?" nilisema. "Mia tatu! Sasa subirini."

Nikapiga simu dukani, nikaweka sauti ya juu ili kila mtu asikie haki yangu ikitamkwa.

"Duka la picha, Tak hapa," alijibu mwanamume aliyekuwa anatafuna kitu.

"Bwana Tak, mimi ni mfiwa wa Chumba Namba Tano. Mmetuletea kinyago badala ya picha."

"Ah. Ile." Alimeza. "Pole kwa msiba, mama."

"Pole yako nimeipokea. Faili letu ni mia tatu. Ninalo mbele yangu. Mashine yako ni mbovu, na ninaomba uichape upya sasa hivi."

"Mashine yangu nzima, mama. Imechapa maiti wawili leo, wamependeza."

"Ninafundisha kazi hii chuoni mwaka wa kumi na moja!"

"Wewe ndiye yule mwalimu?" Sauti yake ilibadilika kidogo. "Basi nisaidie, Mwalimu. Hapo chini ya hiyo mia tatu, upana wa picha ni nukta ngapi?"

Nilitazama. Sikuwa nimewahi kupatazama pale kwa makini.

"Mia tano na arobaini."

"Sawa. Gawanya kwa mia tatu."

"Moja nukta nane."

"Inchi moja nukta nane. Hiyo ni vidole vyako vitatu ukivibana. Kwa upana wa vidole vitatu, picha yako ni nzuri, nitakuchapia sasa hivi umbandike mama kwenye kitambulisho. Lakini fremu ya msiba ina upana wa inchi kumi na moja. Mimi nimezitandaza nukta zako mia tano na arobaini humo. Kila inchi imepata ngapi?"

Nilikwisha kupiga hesabu kichwani. Arobaini na tisa.

"Lakini... tuliandika mia tatu," nilisema, na sauti yangu ilikuwa imepungua.

"Mliandika. Chukua mfuko wa mchele wa kilo moja, ubandike karatasi iliyoandikwa kilo sita. Mchele umeongezeka?"

Misuk aliguna pale mlangoni.

"Programu haikuongeza hata nukta moja, Mwalimu. Na hata ungeilazimisha iongeze, ingebuni. Haimjui mama yako. Ingechanganya rangi za jirani na jirani, upate uji laini badala ya uji wa mabonge."

"Mbona kwenye skrini ya ukumbini ni safi?"

"Kwa sababu pale wamemweka kwenye kiboksi kidogo. Skrini haisomi hiyo 72 wala hiyo 300. Inahesabu nukta tu: imepewa mia tano na arobaini, imeonyesha mia tano na arobaini. Karatasi nayo inauliza swali moja: hizo nukta zinatandazwa upana gani?"

Nilihisi kuta zile nne zikinisogelea. Miaka kumi na moja! Vijana mia ngapi wametoka darasani kwangu wakiwa wamebeba namba ile kama hirizi? Wote walifaulu, kwa sababu mimi niliyetunga mtihani ndiye niliyekosea jibu!

"Kama uliona ni mbovu," nilijitahidi kwa mara ya mwisho, "kwa nini hukutuambia?"

"Niliwaambia! Nilimpigia mumeo saa mbili asubuhi. Nikamwambia hii ndogo, nitafutie kubwa. Akanijia juu. Akasema, mke wangu ni mwalimu wa kazi hii, amesema ni mia tatu, basi ni mia tatu, chapa."

Niligeuka kumtazama mume wangu.

Alikuwa bado anatazama soksi zake.

"Nilifanya ulivyoniambia," alirudia, polepole.

Na mara hii nilimsikia. Lile nililolidhania usaliti lilikuwa ukweli mtupu, umesemwa na mtu asiyejua kusema zaidi. Asubuhi alikuwa amenitetea mbele ya fundi. Mchana hakuwa na lingine la kusema.

"Ni mimi," nilisema. "Kosa ni langu."

"Hatimaye!" Misuk alipiga goti lake kofi. "Kaka, umesikia? Umesikia na wewe bwana wa dukani?"

"Mimi nasikia muda unakwenda," Bwana Tak alijibu. "Hiyo picha iliyopitia kwenye kundi imebanwa, imepunguzwa nukta ili iende haraka. Aliyeipiga ni nani? Kwenye simu yake kuna ile kubwa. Nileteeni kabla ya saa kumi, nitawahi. Baada ya hapo, siwezi kuahidi."

Simu ilikatika.

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

Mimi na mume wangu tulimtazama Misuk.

"Mbona mnanitazama? Ile simu nilishaibadilisha."

"Picha huhamia kwenye simu mpya," mume wangu alisema.

"Nilizifuta."

"Zote?"

"Zote, kaka! Mnanihoji kama polisi?"

Lakini mkono wake ulikuwa umeshuka juu ya mkoba, ukakaa pale, ukaubana.

Wasomaji wangu, nimesimamia mitihani mingi. Mkono unaobana mkoba ninaufahamu.

"Wifi," nilisema. "Una sauti ya kunishtaki mbele ya ukoo, lakini huna kidole cha kutafuta picha moja? Unataka mama yako azikwe bila uso ili mimi niaibike?"

Misuk alimgeukia kaka yake.

"Kaka, toka nje," alisema.

"Kwa nini?"

"Toka tu! Kawahudumie wageni, wameishiwa pombe ya soju."

Mume wangu alitoka. Tulibaki wawili na makoti.

Misuk alitoa simu. Hakutafuta hata sekunde mbili. Alijua picha ilipo kama mtu ajuavyo kidonda chake kilipo.

"Nitakupa kwa sharti moja. Usiipanue."

"Nitaikataje bila kuipanua?"

"Wifi... nakuomba."

Miaka ishirini na miwili, hakuwahi kuniomba kitu. Alikuwa akiagiza.

Niliichukua simu. Niliweka vidole viwili juu ya uso wa mama mkwe, nikavitanua.

Kwanza likaja sweta. Likaja ua la mcheri lililoanguka begani. Likaja tabasamu lile tulilolijua sote.

Nikatanua tena.

Lile tulilodhani ni jua mashavuni halikuwa jua.

Yalikuwa machozi!

Mistari miwili, imenyooka mpaka kidevuni. Macho yaliyofumba nusu yalikuwa mekundu kingo zote. Mama alikuwa analia, na alitabasamu kwa sababu ameambiwa atabasamu!

"Nini kilitokea?" nilinong'ona.

Misuk alikuwa ameugeukia ukuta.

"Aliniomba nimchukue."

"Umchukue wapi?"

"Kwangu. Aishi kwangu. Siku ile, pale chini ya miti. Nikamwambia nyumba yangu ndogo. Nikamwambia mume wangu hatapenda. Nikamwambia, mama, watu wanatuona, futa uso tupige picha."

Nilikaa chini juu ya mito.

"Kwa nini alitaka kuondoka kwangu? Alikosa nini? Dawa zake nilizipanga kwa siku. Chakula chake nilikiandika..."

"Ndiyo hayo!" Aligeuka. "Ndiyo hayo hayo, wifi! Alisema anaishi ndani ya daftari lako. Kila boksi la achari ya kimchi lina tarehe. Kijiko chake kina kishubaka chake. Mapipa yake ya mchuzi wa soya, aliyokuja nayo kutoka kijijini, uliyapanga kwa urefu wakati yeye aliyapanga kwa umri. Alikuwa anakula persimoni kavu, tunda tamu, chooni! Mama yangu! Chooni, amefunga mlango, ili usimwandike!"

"Alikuwa na sukari, Misuk!"

"Najua alikuwa na sukari! Ndiyo maana sikuweza kukulaumu. Wewe ulimweka hai. Mimi nilimkatalia mlango. Unadhani naupenda ukweli huo?"

Alianza kulia, kilio kile kisicho na sauti, kinachotikisa mabega tu.

Nami nilikumbuka mlango wa choo uliokuwa ukifungwa kila siku saa tisa. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari: tumbo, ulizia daktari.

Tangu saa nane nilikuwa nikijiona mfungwa wa watu hawa. Kumbe miaka tisa nilikuwa na mfungwa wangu, na nilikuwa ninamjali sana.

Saa kumi kasoro dakika ishirini.

Nilihamisha picha kwenye kompyuta. Nikakata uso na mabega. Mara hii nilisoma kwanza idadi ya nukta: elfu mbili na mia tatu kwa upana. Nikagawanya kwa inchi kumi na moja. Mia mbili na tisa. Haikufika mia tatu, lakini kwa uso unaotazamwa kutoka hatua mbili, inatosha kabisa.

Misuk alisogea, akapiga magoti kando yangu.

"Yafute," alisema.

"Nini?"

"Machozi. Wewe unaweza. Nimewahi kukuona ukimfutia Yerin chunusi kwenye picha ya shule, ulitumia dakika mbili. Yafute, wifi, hakuna atakayejua. Na mimi nitawaambia wazee kwamba kosa lilikuwa la duka. Sitasema makusudi. Nitakusifu mbele yao."

Kishale cha kompyuta kilikuwa tayari juu ya shavu la mama mkwe.

Sitawadanganya. Nilitaka! Dakika mbili tu, na ningetoka kwenye chumba kile nikiwa mkaza mwana mwema, yeye akiwa binti mwema, na mama akiwa mwanamke mwenye furaha chini ya micheri. Kila mtu angepata alichokitaka.

Isipokuwa yeye mwenyewe. Asubuhi sote tuliapa kwamba hii ni picha ya furaha yake, na sote tulikuwa tumemtazama kwa upana wa vidole vitatu.

Niliondoa mkono kwenye kompyuta.

"Hapana."

"Wazee watauliza!"

"Watauliza. Tutawajibu."

"Tutawajibu nini?"

"Wewe lako, mimi langu."

Nilidhani atanipokonya kompyuta. Badala yake alinyoosha kidole na kubonyeza kitufe cha kutuma yeye mwenyewe, upesi, kama mtu anayejichoma sindano.

Baada ya dakika tano Bwana Tak alipiga simu. Hakuwa anatafuna.

"Imefika. Sasa hii ndiyo picha." Akashusha sauti. "Mwalimu... umeyaona macho yake?"

"Nimeyaona."

"Nisafishe?"

"Acha hivyo hivyo, Bwana Tak."

"Sawa. Nusu saa na robo."

Fremu ililetwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Kijana mwenye glavu aliiweka kati ya maua, akanyoosha utepe, akarudi nyuma. Mume wangu alisogea, akasimama mbele yake. Kisha akatoa leso, na badala ya kujifuta yeye, akainua mkono kuelekea kwenye kioo, kwenye shavu la mama yake... akaushusha.

Wazee wa ukoo waliingia kumi na mmoja, wakavua viatu, wakawasha ubani, wakainama mara mbili. Baba mdogo Deokho ndiye aliyesogea karibu mwishoni, akavaa miwani.

"Hizi ni nini?" aliuliza. "Shemeji alikuwa analia?"

Misuk alisogea mbele.

"Alilia, baba mdogo," alisema. "Aliniomba kitu siku ile, nikamnyima."

"Na aliomba kwa sababu yangu," nilisema. "Nyumbani kwangu hakuwa na nafasi ya kupumua."

Nilingoja radi. Nilingoja aite jina langu mbele ya ukoo kama alivyoahidi.

Mzee yule alivua miwani yake, akaifuta kwa kiganja, akaivaa tena, akatazama tena.

"Miaka hamsini na mitano nimekula mezani kwake," alisema. "Nilidhani hajui kulia." Kisha akageukia wenzake. "Sogeeni. Msisimame mbali hivyo. Njooni mmtazame."

Wakasogea, mmoja mmoja.

Jina langu halikutajwa. Hakuna aliyenisamehe pia. Hilo si la wao kutoa, na mwenye kulitoa hayupo. Lakini Misuk alikuja kusimama upande wangu, bega kwa bega, tukapokea wageni hivyo mpaka siku ya tatu, siku ya maziko. Mtu alipouliza picha hii nzuri ameipiga nani, alijibu, "Mimi."

Wasomaji wangu, chukueni hili kutoka kwa mwalimu aliyekosea hadharani. Kama kazi yako itatazamwa kwenye skrini, hesabu nukta ambazo skrini itazionyesha, basi. Kama itachapwa, chukua nukta ulizonazo, zigawanye kwa inchi za karatasi, na uamini jibu hilo peke yake. Usiiamini namba iliyoandikwa pembeni. Na ukitaka picha ya mtu wako, ichukue kwa aliyeipiga, kabla haijabanwa ikabaki tabasamu tu.

Lililobaki siwezi kulifundisha. Miaka tisa nilimhesabia mama mkwe vidonge, vijiko na saa za kulala, nikaamini namba zile ndizo yeye. Ilibidi afe ndipo nimtazame kwa ukubwa wake.

Kuna wifi zangu wengine wawili wanaosema hadi leo kwamba ningeyafuta yale machozi, msiba ungepita kwa heshima zaidi. Mume wangu huipangusa fremu tu.

Mimi sikuyafuta.

Niambieni kwa ukweli, ninyi mnaosoma... mngekuwa mmefungiwa mle ndani na kishale kiko shavuni mwake, mngefanya nini?